Mguu Usiouma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua Anna ndiye anayekusomea kwenye simu yake, mmekaa jikoni kwa sababu ya baridi. Njegere zimetoa maua? Mimi mwili mzima, ila moyo umelemewa.

Kazi yangu huku maabara ni kuchoma. Nafuga seli, vile vichembe hai vinavyojenga mwili, kwenye sahani yenye maji ya kuzilisha. Nazimulika kwa leza, mwanga mwembamba mkali, mpaka zipate joto, kisha natazama kwa hadubini zipi zimepona. Wiki nzima niliandika "nzima", maana kila nilipotazama zilikuwa zimetulia na umbo lao lile lile. Juzi msimamizi wangu akaniuliza, "Ulizitazama tena kesho yake?" Sikuwa nimezitazama. Tulipozitazama tena, karibu zote zilikuwa zimebanduka sahanini, zinaelea zimekufa. Joto liliziharibu kwa ndani, zikachukua saa nyingi kufa. Kazi yote imetupwa, nami nimeaibika.

Nikakumbuka kitalu chetu cha kabichi, siku niliyotia samadi mbichi ya nguruwe nikaja kukuringia miche ya kijani. Ukasema, "Kesho kutwa ndo uniambie, baba." Kesho kutwa yake miche ilikuwa imekauka yote. Tulicheka sana.

Sasa sicheki, maana Jumapili uliniambia maji ya ugali yamekumwagikia mguuni. Ukasema hakuna malengelenge, wala hauumi, nishike masomo yangu. Nami nikasema pole, tukahamia habari za mvua. Mama, una kisukari, nacho hutia miguu ganzi. Bibi naye alikuwa nacho, akasema mguu wake hauumi, mpaka siku tuliyombeba kwa machela hadi barabarani, na mguu ule hakurudi nao. Naogopa, mama. Nilipaswa kuogopa Jumapili ile ile.

Nisalimie mjomba Beatus, aliyeniruhusu kuja huku. Mwambie namwomba akutafutie nafasi mbele kwenye lori la mboga la kesho, akufikishe hospitali mjini. Nisalimie na mama mdogo wa kwaya.

Anna mdogo wangu, salamu zimeishia hapa. Weka simu chini, mvue mama soksi, utazame mguu hapo mlangoni penye mwanga. Usimwulize kama unauma. Niandikie ulichokiona.

Mwanao,
Deo