Mkaa Mmoja Juu ya Chemchemi

Makambako

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo simu yangu ilikaa kimya. Goti lako limepoa? Viazi vimenusurika na baridi ya kutoka Kitulo? Mimi na mjukuu wako tuko hai, na neno hilo "hai" nimeliandika kwa kumaanisha.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti ya juu, na jikoni kwako hakukosi watu. Haya si ya kusikilizwa na jikoni nzima. Barua anakuletea mama mmoja wa hapa mtaani anayempeleka dada yake hospitali ya Ikonda. Mpe viazi, tafadhali, na usimhoji sana.

Unajua wanawake wa huku bondeni walinichagua kuwa mhudumu wa afya wa jamii. Basi bwana afya akatuletea kazi mpya: wananchi wachore wenyewe ramani ya mtaa, waonyeshe maji, vyoo na nyumba zenye wagonjwa. Halmashauri ina bomba moja tu la kuleta, na litawekwa pale ramani itakapoonyesha shida kubwa zaidi. Tukachora chini, kwenye uwanja wa kanisa. Majivu yakawa njia, jani bichi likawa maji, kipande cha mkaa kikawa choo, na kila nyumba yenye mtoto aliyeharisha ikawekewa punje ya hindi. Ungeona huku bondeni kwetu! Punje zilijaa utadhani tumeanika mahindi.

Ila mkaa mmoja haukuwekwa. Choo cha baba mkwe kiko juu kabisa ya chemchemi tunayochota, na mvua ikinyesha, kila mwanamke anayeinama pale anaijua harufu. Lakini nani atamke? Karibu wote tunaochota pale ni wakwe zake, wake wa wanawe na wa watoto wa ndugu zake. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunda kwamba baba mkwe hutaji jina lake, huketi naye, huli mbele yake. Sasa choo chake, mama wee! Tukakiruka wote, kwa adabu zetu. Wanawe walikuwepo, nao wakatazama pembeni. Bwana afya, mgeni wa watu, akasema, "Chemchemi yenu haina choo juu yake, kwa hiyo maji ni salama. Hawa watoto hawanawi mikono." Bomba likaandikiwa kule juu barabarani, kwa watu wenye visima uani. Nilitaka kupasuka.

Haikupita muda, Bibi Mdogo wetu, huyu binti yangu mwenye jina lako, akaanza kuharisha. Maji nachemsha, Mungu ni shahidi, lakini mtoto akishajua kutembea utamfunga kamba? Macho yakazama, akawa analia bila machozi. Kituo cha afya wakamtundikia dripu, mimi nimeshika kile kimkono, nikasema: Mungu wangu, ukinirudishia huyu, mkaa ule nitauweka mwenyewe.

Akanirudishia. Nikawa sina pa kukimbilia.

Nilimwambia mama mkwe kwanza, tukiwa tunapepeta maharage. Akasimamisha ungo.

"Ukikitaja hicho, watakurudisha kwenu Makete, na mtoto atabaki huku. Unalijua hilo?"

"Najua, mama."

"Na bado?"

"Na bado."

Akaendelea kupepeta maharage ambayo yalishakuwa safi.

Siku ya kuhakiki ramani ikafika, tukaipanga tena chini palepale uwanjani, bwana afya akiinakili kwenye karatasi. Ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho kurekebisha kabla haijapelekwa halmashauri. Wazee walikaa mbele kwenye viti, baba mkwe katikati yao, maana ndiye balozi wetu wa nyumba kumi na bila yeye kuikubali ramani haiendi popote. Sisi wakwe tulikaa nyuma, chini, tumempa ubavu. Bwana afya akauliza, "Kuna kilichosahaulika?" Akauliza tena. Niliinuka, mama, nikapita pembeni nimeinamisha kichwa, nikapiga magoti, nikaweka mkaa juu kidogo ya lile jani la chemchemi yetu.

Laiti asingeuliza! Bwana afya akainama, "Hiki ni choo cha nani?"

Jina la baba mkwe mimi silitamki. Akaniuliza tena, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulikuwa unaniua. Ndipo nikasikia sauti kutoka kwa wanawake.

"Ni cha kwangu." Alikuwa mama mkwe, kasimama. "Cha kwangu mimi. Andika."

Bwana afya akatazama mkaa, akatazama jani, akatazama punje zote zile za bondeni, akashika kichwa. "Basi bomba linapaswa kushuka huku," akasema, akamgeukia balozi apate neno lake. Baba mkwe aliinuka, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Mama, siku zilizofuata sikuzionea raha. Mume wangu alipiga kutoka msituni anakopasua mbao: "Umemvua baba nguo mbele za watu!" Akakata. Chemchemini wenzangu wakawa wananijibu salamu kwa midomo tu, na hao ndio niliowapigania! Baba mkwe akawa anashinda kilabuni kwenye pombe ya ulanzi, na ramani imelala kwake. Nilipanga nguo zangu kwenye begi. Za mtoto nilizishika, nikazirudisha, nikazishika tena. Nilikuwa naogopa, sikufichi.

Jana asubuhi nikasikia jembe kule juu. Kisha mama mkwe akabisha hodi, akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mkwe. Mzee anakifukia. Anasema uende ukaonyeshe kipya kichimbwe wapi, si wewe ndiye mwenye ramani?"

Nikajifunga khanga ya pili nikaenda. Yeye alisimama nyuma ya mianzi kanipa mgongo, mimi huku macho chini, mama mkwe katikati yetu.

"Mwulize, hapa?"

"Mwambie bado ni karibu na maji."

"Hapa?"

"Mwambie asogee tena."

Tulimtembeza mzee wa watu mpaka upande wa pili wa miparachichi, mteremko unakokwenda mbali na chemchemi. Akachomeka jembe pale. Kisha akasema, bado kanipa mgongo, "Mwambie karatasi za bwana afya nimeshazipitisha." Nikadhani amemaliza.

"Na yule mtoto, mwulize, anakula?"

"Mwambie anakula," nikasema.

Nisalimie baba, umwambie aache kuniombea kwa sauti mbele ya majirani. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi anayelima pareto, na yule mjomba fundi ambaye aliapa sitamaliza mwaka kwa watu. Mwambie namsalimia sana, yeye hasa.

Bomba halijafika bado, kwa hiyo tunachemsha. Mume wangu hajapiga tena. Lakini akirudi atanikuta.

Ni mimi mwanao mbishi, ninayetoa nguo kwenye begi,

Upendo