Nusu Mara Nusu

Jumanne usiku, Olmotonyi

Uwezekano bado ni robo. Mimi na Elia, mume wangu, tuna kinasaba cha sikoseli, ingawa hatuumwi. Nafasi ya mimi kumrithisha huyu aliye tumboni ni nusu, na ya Elia ni nusu. Akikipata kwetu sote, ataumwa kama dada yake, Neema.

Leo mama mkwe ameniletea mtori. "Kula, mama Neema. Hiyo robo Neema ameshaichukua. Huyu wa pili yuko salama."

Siyo hivyo! Kila mimba inaanza hesabu upya. Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne jambo hilihili kwa kurusha sarafu, na huwa nakuwa mkali wakikosea.

Nilifungua mdomo nimsahihishe.

Nikasema, "Hebu rudia, mama. Hapo uliposema yuko salama."