Sura yenye iko mu kitabu ya kazi ya nkambo

Ngalula ndugu yangu, usicheke!

Mi, sekretere wa mutuelle, chama ya kusaidiana ya bana na bajukuu ba batumikaji ba kwanza ba mugodi! Dimanche, siku ya kanisa, nilimukatalia Gaston Lukusa mbele ya batu bote: "Tata, bila karatasi ya kazi ya nkambo yako, babu mwenye alikuzalia baba, hauingii!"

Leo, kule Kapata, nikafungua sanduku ya shangazi yetu, tantine Domitille. Nikapata kitabu ya kazi ya nkambo yetu. Jina: Tshiamala. Foto: mutu mwingine!

MUTU MWINGINE, Ngalula!

Tantine akacheka mpaka machozi: "Mwenye kitabu alirudia Kasai, nkambo yako akaingia kazi na jina yake. Bazungu balikuwa banaangalia namba, hapana sura. Nkambo yako, jina yake ya kweli ilikuwa Lukusa, ndugu ya nkambo ya Gaston."

Sasa niko naandika barua ya kujikatalia mi mwenyewe, juu karatasi ya nkambo na mi sina. Muhuri ya mutuelle iko kwangu.