Sweta la Adui wa Paka

Baba Watoto na wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Paka wa nyuma ya tangi amenaswa asubuhi hii, nampeleka kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi. Kuzaa mfululizo kumemmaliza, mnamwona wenyewe alivyobaki mifupa.

Jana niliwasihi msimpe chochote, aingie mtegoni kwa njaa. Leo nakuta visahani vitatu nyuma ya tangi, kila mtu na chake kwa siri! Kashiba, samaki wa mtegoni hata hakumnusa. Ndipo nikatandika humo lile sweta kuukuu la Baba Watoto, anayejiita adui wa paka, maana nililikuta limejaa manyoya ya paka. Akaingia mwenyewe, akajikunja. Mlango ulipojifunga alilia sana, na mimi machozi yakanitoka.

Sweta ~~nitalifua~~ nimemwachia alalie.

Wanangu, tandikeni magunia stoo. Akirudi, msimguse kwenye mshono.

Na wewe, Baba Watoto, unayetoka kila jioni "kuangalia geti": leo usihangaike kwenda huko. Atakuwa stoo.

Mama