Viatu Vyeusi Barabarani Gehandu

Gitting, 4 Machi 2024

Mwanangu Onesphory,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Mgongo unaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu.

Nitasema kilichonifunga mdomo. Nilikuja Gehandu kukuona. Ulinipita barabarani juu ya hiyo baiskeli ya kulalia tumbo; hukushuka, hukuniamkia. Nilikufundisha kushuka mbele ya mkubwa tangu miguu yako haijafikia pedali. Sasa nasikia unataka kuja nayo tutakaposimika msalaba kwenye kaburi la mama yako baada ya Pasaka. Usije nayo.

Baba yako,
Yoakimu

Gehandu, 15 Machi 2024

Shikamoo baba,

Mimi sijambo kidogo. Tangu ajali ya pikipiki siwezi kukaa, hata kwenye gari. Baiskeli aliyonichomelea fundi Gidamis imenirudishia safari: mgongo hauumi, upepo unanipita juu, na kwenye mteremko hakuna anifikiaye. Gidamis ananiita kenge. Ubaya upo: shingo inakakamaa, nakula vumbi na samadi, malori hayanioni, na kushuka hadi nisaidiwe. Nyuso sizioni. Watu nawatambua kwa viatu.

Siku ile niliviona viatu vyeusi vya Misa, cha kulia kikiwa na kile kiraka alichokishona mama. Lakini aliyevivaa alikuwa na mkongojo, anaburuta mguu. Nikajiambia baba amevigawa, nikapita.

Baba, tangu lini?

Mama alizikwa nikiwa kitandani. Kaburi lake sijaliona. Nitashuka mbali, nisaidiwe kusimama.

Mwanao,
Onesphory

Gitting, 26 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ulikufa ganzi wiki tuliyomzika mama yako. Nilikuja nikuonyeshe mwenyewe. Ningeweza kukuita, lakini mdogo ndiye huanza kuamkia. Nikakaza mdomo mpaka vumbi lako likatua, nikarudi nyumbani.

Baba yako mdogo Nicodemo na ndugu wengine wanaikataa baiskeli yako. Wanasema anayefika makaburini akiwa amelala ni yule aliyeletwa kuzikwa, na hawataki kuchimba kaburi jingine. Nami niliwaunga mkono kabla ya barua yako. Jumapili nitawaita upya, nisimame mbele yao na mkongojo huu.

Viatu sijavigawa. Ukiviona tena, ni mimi, na nitaanza mimi kukuita.

Tukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata likiwa ni neno usilolitaka.

Baba yako,
Yoakimu