Kazi ya Elia Mpaka Ilipompiga Shoti

Kiomboi,
14 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama angesema yaishie hukuhuku shuleni. Mnaendeleaje hapo Kilimatinde? Kifua cha Bibi kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inaniuma.

Lile sanduku la umeme la kikuza sauti chako cha kwaya nililimaliza. Uliniambia likizoni, “Hizi taa za kioo za redio ya babu nimezifunga vizuri kwenye kikuza sauti, lakini bila umeme wake maalumu ni chupa tupu. Wewe ndiye unayesoma fizikia.” Nikaibeba transfoma ya redio hiyo kwenye begi la nguo mpaka huku. Mwalimu wa fizikia akaniruhusu kutumia maabara. Nilifunga daiodi na kapasita mbili kubwa, na siku mita ilipoonyesha umeme uliotulia nilicheka peke yangu kama mwehu.

Shida ya kapasita, Baba, ni kwamba ukizima swichi zinabaki na umeme. Kikuza sauti kiko nyumbani, kwa hiyo umeme huo hauna pa kwenda. Rezista niliyoipata ya kuumaliza ni ndogo, ingeungua kama ningeiacha ndani muda wote. Basi niliifunga kwenye kijiti chenye nyaya mbili, nikakining’iniza sandukuni kwa kamba. Ukizima, unagusisha kijiti kwenye kapasita kwanza, ndipo unashika.

Wageni wa maonyesho ya sayansi ya shule walipokaribia kuja, mwalimu wa taaluma aliniita.

“Tabitha, Elia wa kidato cha nne ndiye ataeleza. Ana sauti ya kusikika.”

“Mwalimu, hajawahi hata kulifungua.”

“Utamfundisha. Wewe utakuwa na wasichana wenzako, kupokea wageni.”

Nikamfundisha. Elia akanicheka. “Kijiti na kamba! Hii ni maabara au mtego wa kware, dada?”

Kwa hiyo nilizunguka na sinia la soda na karanga huku Elia akisema, “Hapa niliweka kapasita.” Wakampigia makofi. Ndipo nikaona kijiti hakipo. Alikata kamba, eti inaharibu sura. Sikuwahi hata kuweka sinia chini. Alizima, akaliinua sanduku amwonyeshe mgeni nyaya za chini, akapiga yowe na kulitupa sakafuni.

Namshukuru Mungu hakuumia sana, vidole tu viliungua kidogo. Lakini sikia hili, Baba. Kabla ya yowe ilikuwa kazi ya Elia. Baada ya yowe mwalimu wa taaluma alisimama akasema, “Samahanini wageni wetu, kitu hiki kiliundwa na binti mmoja.” Sasa sanduku limefungiwa stoo, na mimi nisikanyage maabara mpaka mzazi aje.

Jioni Elia alikuja, vidole vimefungwa kitambaa. “Dada, mbona hukuniambia linauma hivi?”

“Nilikuambia. Ukasema mtego wa kware.”

Akacheka, kisha akavitazama vidole vyake. “Nitawaambia kamba niliikata mimi.” Mpaka leo hajawaambia. Ila mwalimu wa fizikia aliniita pembeni akaninong’oneza kuwa ameipima transfoma, haijakatika ndani. Kona ya sanduku tu ndiyo imebonyea.

Baba, kilichoniuma zaidi nikiwa na lile sinia ni jambo la nyumbani. Nilikumbuka mwinjilisti alipokuja likizoni akauliza nani anakutengenezea umeme wa kikuza sauti. Ulijibu, “Vijana wangu. Huyu Daudi hapa.” Kaka Daudi, asiyejua waya upi ni upi, akatabasamu tu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nikaingia, nikamimina.

Msalimie Mama, na Bibi umwambie mbukwenyi, kwa Kigogo chake. Msalimie hata Daudi, kwa kuwa yeye hakujisifu, alikaa kimya tu. Mwalimu wa kwaya mwambie avumilie, kikuza sauti kitapata umeme wake.

Njoo, Baba. Lakini kabla hujapanda basi nijibu kwa barua. Mkuu wa shule atakapokuuliza mbele ya Elia, na mwinjilisti atakapokuuliza siku mtakapokiwasha kanisani, ni nani aliyeunda sanduku hili la umeme, utawajibu nini?

Mwanao,
Tabitha