Wanamtaka Shangazi Akae Langoni Amevaa Ngozi

Mshauri Evelina, shikamoo. Sijawahi kuandika gazetini, lakini jambo hili nimeshindwa kulibeba peke yangu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama nitazungukazunguka. Naitwa Dina, ni mfinyanzi, naishi Mgwashi huku milimani, nina mume na watoto watatu, na ufinyanzi nilifundishwa na shangazi yangu Yusta, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea na mpaka leo tunakanda udongo pamoja nyuma ya nyumba yake.

Zamani vyungu vyetu tulikuwa tunauza gulioni tu, Bumbuli na Soni, mpaka mchoraji mmoja wa Lushoto mjini, anaitwa Alen, alipoviona akaniambia dada Dina, kazi kama hii watu wanaitafuta kwenye matamasha ya sanaa, nenda. Nikaenda. Huu ni mwaka wa nne nazunguka na vyungu, navifunga kwa majani makavu ya migomba ndani ya matenga ya nyanya, naomba nafasi kwenye Fuso za mboga mpaka Mombo, pale natafuta basi, na njia nzima roho iko juu kwa sababu kila gari likiruka shimo mimi nasikiliza kama kuna kilicholia.

Shida yangu, mshauri, ni kwamba sijui kuchagua tamasha. Kuna moja lilikuwa na tangazo linang'aa, nikafunga safari ya siku nzima, kufika nikawekwa nyuma ya jukwaa la muziki kando ya jenereta, na watu waliokuja mezani kwangu walikuwa wanauliza choo kiko wapi. Jingine nikakuta mabanda yamejaa wauza simu na watu wa bima, wasanii tulikuwa wachache tunatazamana, mimi nimebanwa na mtu anayegawa fulana. Halafu Korogwe kulikuwa na kitamasha kidogo ambacho sikukiona kwenye tangazo lolote, nilikisikia tu kwa mama mmoja msusi wa mikeka, mvua ikanyesha, turubai likavuja, nikasema haya, nimepotea tena. Kumbe wanawake wakanizunguka chini ya lile turubai, wanashika vyungu, wanauliza hiki unakichomaje, hiki cha maharage au cha pambo, na mama mmoja mwenye mgahawa tangu siku ile maharage hapiki tena kwa sufuria, kila msimu ananipigia. Sasa niambie, mtu atajuaje kabla hajafika? Linalopendeza kwa mbali linanitia aibu, na lile nililolidharau ndilo lililonipa moyo.

Mume wangu Stephano analima kabichi na viazi, si mtu mbaya. Lakini nikirudi nimenuna yeye ndiye anayeniona, na nikiwa sipo yeye ndiye anayebaki na watoto na shamba. Mwezi uliopita aliniambia, tena kwa upole, ndiyo maana ikaniuma zaidi: "Mama Danieli, mimi sikukatazi. Ila mwaka huu chagua moja tu. Ukirudi na uso ule tena, tubaki na gulio letu."

Basi, kabla sijachagua, akanipigia mtu anaitwa Zuberi, akasema ni mratibu wa tamasha kubwa la Dar es Salaam. Alen alikuwa amemwonyesha picha ya shangazi kwenye simu, ameinama analainisha chungu. Nilifurahi mpaka nikasimama. Akasema gari watalituma mpaka Mgwashi, tutalala hotelini, na televisheni itakuwepo. Halafu akasema, "Dada, bibi lazima aje. Bila bibi hakuna mpango."

Nikamwambia ni shangazi yangu na atafurahi sana.

"Safi. Tutamweka pale langoni, watu wakiingia wamwone kwanza. Mavazi tutaleta sisi, ngozi na shanga, na miguuni asivae kitu. Tunataka uhalisia."

Nikauliza kama atapata nafasi ya kueleza kazi yake. Akacheka kidogo. "Hapana, yeye aendelee tu kukanda. Maelezo atatoa mshereheshaji, bibi asichoke."

Mshauri, sikupinga. Nilisema sawa, nitampa habari, nikakata simu nikabaki nimesimama palepale.

Na siku hizohizo za tamasha la Dar Mwalimu Khalfani, mwalimu mstaafu wa Muheza niliyekutana naye Korogwe, anakusanya mafundi wa mikono kule Amani, na sisi ametuita. Kila fundi anapewa kundi la kufundisha, wengine wanafunzi wa pale, wengine wageni wanaokuja kuutembelea msitu. Nauli juu yetu, kulala nyumba ya wageni ya kanisa, chakula tunapika kwa zamu. Televisheni hakuna, tangazo hakuna, hata jina la hilo tamasha bado wanabishana.

Ningekuwa peke yangu labda ningejua la kufanya. Lakini shangazi macho yake yameingia ukungu, siku hizi chungu anakimaliza kwa kupapasa, na maisha yake yote hajawahi kusafiri na vyungu vyake hata mara moja. Mimi ndiye ninayekwenda, yeye anabaki, nikirudi ananikalisha nimsimulie watu walisema nini. Nilipomwambia habari za Dar, ya ngozi nikaimeza, nikamwambia tu tumeitwa. Akasema, "Kumbe na mimi nitafika?" Kesho yake akapeleka viatu vyake vya kanisani kwa fundi vikashonwe.

Zuberi anataka jibu Ijumaa. Nikikataa naogopa, watu wa matamasha wanajuana, wataambizana kwamba Dina anaringa na hakuna atakayeniita tena. Nikikubali, kila nikifumba macho namwona shangazi peku pale langoni, watu wanampiga picha wanapita. Nikienda Amani nikakuta viti vitupu, ndiyo nimemaliza, Stephano ameshasema. Wiki hii vyungu vitatu vimenipasukia motoni kwa sababu nimevichoma havijakauka, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana. Naomba uniambie, niende wapi?

Dina, Mgwashi

*

Marahaba, Dina. Barua yako ilinifikia Jumatano, gazeti linatoka Jumapili, na Zuberi wako anataka jibu Ijumaa, kwa hiyo nilikupigia simu. Wewe majibu unayo. Nayaandika hapa, kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wenzako wanaozunguka nchi na picha zao, vinyago vyao na mikeka yao, wakijiuliza hayohayo.

Kwanza nilikugombeza, na sijuti. Pole kwa hofu uliyo nayo, najua haikuachii nafasi ya kupumua. Lakini umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, ukanieleza habari ya ngozi na shanga na miguu mitupu, na mwenyewe anayetakiwa kuvishwa hujamwambia. Unamlinda na nini? Macho ndiyo yameingia ukungu, akili haijaingia. Nikakuambia weka simu chini, nenda kamwambie yote kama yalivyo, usipunguze.

Ulinipigia kesho yake asubuhi unalia na kucheka kwa pamoja. Ulimkuta shangazi anapukuchua maharage, ukamwambia.

Akauliza, "Ngozi ya nini?"

"Ya mbuzi, nadhani."

"Mimi nimebatizwa, nimeimba kwaya ya Umoja wa Wanawake tangu mama yako mdogo hajaolewa. Mama yangu mzazi sikumwona na ngozi. Leo nikavae mbele ya televisheni niseme ndiyo uhalisia wangu?" Halafu akauliza lile lililomuuma zaidi: "Na kusema nisiseme?"

Ukamwambia ndivyo walivyotaka. Akajifuta mikono, akakuambia umtafutie huyo Zuberi kwenye simu. Mkamsalimia, akaitikia vizuri tu. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, nitakuja. Nitakuja na gauni langu na viatu vyangu, nitakaa na mwanangu Dina, na vyungu vyangu nitavieleza mwenyewe."

Zuberi akasema hilo haliendani na mpango wa tamasha.

"Haya, mwanangu. Mungu akubariki na kazi yako." Akakurudishia simu, akaendelea na maharage yake. Baadaye ndipo ulipoona machozi yanamshuka, maana Dar aliitaka. Usijifanye hukuyaona. Alikataa kitu alichokitamani, na hilo ni zito kwa mtu wa umri wake. Mkumbatie, mlie wote, halafu muendelee.

Sasa kuhusu huo mlango unaoogopa kwamba umefungwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na katika maneno yote ya Zuberi sijaona mahali alipokuuliza una vyungu vingapi. Hakuuliza mtavipanga wapi, hakuuliza meza, hakuuliza hata mnafinyanga vya namna gani. Alitaka mtu wa kuweka getini. Wewe fundi hukualikwa, Dina, uliombwa umlete mtu. Tamasha ambalo hukualikwa haliwezi kukufungia mlango. Na hao wanaojuana wakiambizana kwamba shangazi yako alikataa kuvishwa ngozi, mwenye akili kati yao ndiye atakayekutafuta.

Umeniuliza mtu atajuaje kabla hajafika. Hutajua yote, mvua hainiulizi mimi wala wewe. Lakini majibu mengi unayo, hujawahi tu kuyauliza kwa wakati. Tafuta mtu aliyekwenda mwaka jana, tena mwenye kazi kama yako, na usimuulize kama lilipendeza, kila tamasha lilipendeza kwa aliyekula pilau. Muulize nani alisimama mezani kwake na walizungumza nini. Halafu wapigie wenyewe waandaaji uwaulize utakaa wapi, jirani yako ni nani, nani ataizungumzia kazi yako. Anayekasirikia maswali hayo usimfungie tenga. La Korogwe ulilisikia kwa msusi wa mikeka, mtu aliyewahi kukaa chini na kazi yake mwenyewe. Alen ni rafiki, lakini yeye picha anazikunja anaweka kwapani. Wewe umebeba udongo. Wa mikeka na wa vyungu wanakaa pamoja, mtafute tena yule mama na uendelee kumsikiliza.

Kwa Mwalimu Khalfani usiende kwa sababu tu Dar imeshindikana. Mpigie leo. Muulize waliojiandikisha kufundishwa ni wangapi, udongo upo kulekule au mbebe wenu, na kama kuna mahali pakavu pa kuchomea, maana Amani kuna mvua kuliko kwenu. Akikujibu kwa kubabaika, bakini nyumbani mwaka huu bila aibu. Akikujibu vizuri, nendeni.

Stephano nina neno naye pia, ila wewe kwanza. Umemwachia aone uso tu. Habari ya jenereta umeshamsimulia? Ya mtu wa fulana? Nilipokuuliza kwenye simu ulikiri bado. Mwanaume wa watu anafikiri vyungu ndivyo vinavyokununisha, kumbe ni mahali unapovipeleka. Mkalishe umweleze yote, na la ngozi pia, halafu maswali ya kumuuliza Mwalimu myapange pamoja. Na wewe Stephano, kama unasoma, ulisema kwa upole, asante, lakini ukisema "chagua moja" basi saidia kuchagua.

Macho ya shangazi yasisubiri safari. Wiki hii, kabla ya matenga, mpeleke hospitali akaangaliwe, ukungu wa namna hiyo mara nyingi una matibabu na watu wanaishi nao kwa sababu tu hakuna aliyewashika mkono kuwapeleka.

Mkifika Amani, mpe kiti kizuri mahali penye mwanga. Watu wakianza kuuliza, najua utataka kujibu wewe, kwa kuwa umezoea na unajua kusema. Usijibu. Kanda udongo, mpe mkononi, umwache aseme mpaka atakapokuambia yeye mwenyewe kwamba amechoka.